Sanduku la Baba na Maiti wa Misri

Filamu niliyoitazama mara nyingi kuliko zote maishani mwangu ni ya maiti wa Misri, na mimi si mtu wa filamu. Nyumbani kwangu Kianjokoma, Embu, hatuna hata televisheni. Asubuhi nachuma majani chai, mchana nayapeleka kituoni kupimwa, jioni nakamua na kupika. Lakini hiyo ya Misri nimeiona mara nne, na naweza kukueleza nani anakufa kwanza na nani anafuata. Niliitazama kwa sababu ya baba yangu.

Baba alifariki Kianjai, huko Meru, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Sikuwepo. Yote ninayoyajua ya siku hiyo niliambiwa na mama na kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa barazani akifunga miraa kwa majani ya mgomba. Mama alikuwa jikoni, na jiko letu ni kijumba cha mbao kilicho hatua chache kutoka nyumba kubwa, akikoroga uji. Televisheni ilikuwa inapiga kelele kama kila mchana. Kisha wote wawili wakamsikia baba akisema kwa sauti kubwa:

"Msifungue! Nimewaambia, hilo sanduku msilifungue! Atakayefungua asiseme hakuambiwa."

Alisema kwa Kimeru, na kwa Kimeru maneno hayo yana uzito ambao siwezi kuuleta wote hapa. Kaka alidhani mzee anagombana na mtu, akaendelea na kazi. Mama alimaliza uji, akautia kwenye kikombe cha bati, akaingia, akamkuta baba kichwa kimeegemea upande. Aliita. Kaka alipoingia, jambo la kwanza alilofanya ni kuzima televisheni pale ukutani. Aliniambia aliona si heshima, mzee amelala vile halafu watu wanapiga mayowe kwenye kioo.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa baba, na maneno yake ya mwisho yalikuwa hayo.

Asiyetoka kwetu anaweza kuuliza kuna shida gani. Shida ni kwamba baba alikuwa na sanduku kweli. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani, lina kufuli, na lilikaa chini ya kitanda chake tangu nikiwa mdogo. Na kwetu, neno la mzazi anapokata roho si neno la kawaida. Tunaliita kirumi. Mzee akisema shamba hili lisiuzwe, kisha akafa, halitauzwa, hata wajukuu wafe njaa juu yake. Akisema fulani asikanyage hapa, fulani hatakanyaga. Embu nilikoolewa ni vilevile, jina ni hilohilo. Tunaenda kanisani, tunaimba kwaya, mchungaji anatuambia damu ya Yesu imefuta laana zote, na sisi tunasema amina. Lakini sijaona mtu akilima shamba lililowekewa kirumi.

Kwa hiyo baada ya mazishi sanduku lilibaki chini ya kitanda, na chumba kikafungwa.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Lingekaa huko milele kama si macho ya mama. Mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mwaka ule alianza kumwaga chai nje ya kikombe, kisha akaanza kunijua kwa hatua zangu badala ya sura. Tukaambiwa madaktari wa macho watakuja hospitali ya Meru mwezi unaofuata, na kwamba ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi na kurudi nyumbani. Kilichotakiwa ni kadi ya bima, na kadi ya bima ilitaka kitambulisho. Kitambulisho cha mama kilikuwa ndani ya sanduku. Baba ndiye aliyetunza karatasi zote za nyumba ile, za watu na za ng'ombe. Kaka alimpeleka mama kuomba kingine, wakaambiwa walete nakala ya kile cha zamani au angalau namba yake. Nakala ilikuwa ndani ya sanduku. Namba hakuna aliyeikumbuka.

"Macho yangu yamefungiwa kwenye sanduku la mume wangu," mama aliniambia kwenye simu, na akacheka. Mimi sikucheka. Niliomba jirani anichumie chai kwa wiki moja, nikaenda Kianjai.

Nilimkuta kaka ameshapanga mambo. Alitaka kuwaita wazee wanne na kuchinja kondoo dume, waombe kirumi kiondolewe. Lakini wazee wawili walikataa. Walisema kirumi huondolewa na aliyekiweka kabla hajafa, au na mtu wa rika lake anayejua alikiweka kwa sababu gani. Hakuna aliyejua sababu. Baba alikasirikia nini? Alikuwa anamkataza nani? Kaka alikuwa amekonda kwa kufikiria hilo. Aliniambia tukiwa wawili barazani kwamba wiki ile ya kifo walikuwa wamekosana kidogo na baba juu ya kukata miti miwili ya miraa ya zamani.

"Alikuwa ananiambia mimi," alisema. "Alijua niko hapa nje. Alikufa akinikemea."

Nami, kwa kusema kweli, nilikuwa na hofu yangu. Sikuwa nimekuja kumwona baba kwa miezi mitano kabla hajafa. Nilikuwa na sababu, chai, watoto, mvua, lakini sababu zenyewe zilikuwa ndogo. Nilijiuliza kama alikufa na hasira na sisi wote. Hilo ndilo nililotaka kujua kuliko kilichokuwa kwenye sanduku.

Lakini kulikuwa na kitu kilichonisumbua kwa namna nyingine, kama punje ya mtama iliyokwama kwenye jino. Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Miaka yote niliyokaa nyumbani sikumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa. Alikuwa akitaka kumkanya mtu anamwita karibu, anamwambia polepole, na hapo ndipo unatetemeka. Na tena, alisema "msifungue." Alikuwa anawaambia watu wengi. Sebuleni hakukuwa na mtu hata mmoja.

"Alituambia sisi wote," kaka alisema nilipomuuliza.

"Ninyi hamkuwa mbele yake."

"Mtu anayekufa anaona watu wote."

Niliingia sebuleni kupangusa vumbi. Kiti cha baba kilikuwa palepale, kimefunikwa kitambaa. Nilipopangusa nyuma ya televisheni, mkono wangu uligusa kitu kidogo kilichochomekwa ubavuni. Ilikuwa flashi nyekundu, ya kuwekea filamu. Ilikuwa imekaa pale mwaka mzima, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyewasha televisheni hiyo.

Nilitoka nayo nje. Kisha nikamuuliza mama, aliyekuwa juani akichambua maharagwe kwa vidole, filamu za baba zilitoka wapi.

"Kwa yule mwenye ndevu pale sokoni," alisema. "Kila siku ya soko alikuwa anaenda kubadilisha. Hujui? Baba yako alikuwa mgonjwa wa filamu."

Sikujua. Mimi nilimjua baba wa redio na Biblia. Televisheni ililetwa na kaka nilipokuwa nimeshaolewa.

Mwenye ndevu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na mafundi viatu, kompyuta moja, na spika iliyosikika soko zima. Nilimwonyesha flashi. Hakuhitaji hata kuifungua.

"Hii ni ya Mzee," alisema. "Pole sana, mathe. Mzee wako alikuwa mtu wangu. Yeye na mimi tulikuwa tunabishana hapa mpaka wateja wanakasirika."

"Baba yangu? Kubishana?"

"Wewe! Alikuwa anarudi na filamu kama mtu anayerudisha nguo iliyopasuka. 'Huyu mwizi kwa nini hakupitia dirishani? Huyu mwanamke mbona anaingia peke yake na tochi yenyewe haina betri?' Mimi namwambia, Mzee, si mimi nimetengeneza. Anasema, wewe ndiye umeniuzia, jibu."

Nilimuuliza ya mwisho ilikuwa ipi. Akaingiza flashi kwenye kompyuta, akaonyesha kwa kidole.

"Hii ya Misri. Ya yule maiti mwenye bandeji. Hii Mzee aliichukua mara tatu. Nilimwambia ulishaiona hii, nikupe ya Wachina. Akakataa. Anasema anataka kuiona tena, labda safari hii watasikia."

"Watasikia nini?"

"Wasifungue ile sanduku, mathe. Kuna sanduku pale ndani. Wakifungua tu, wanaisha."

Nilishika meza yake. Aliniuliza kama niko sawa, akanipa kigoda. Nilimuuliza kama alikuwa amewahi kumsikia baba akisema na watu wa filamu, yaani wakiwa kwenye kioo.

"Kusema? Mzee alikuwa anawafokea! Nikiweka hapa kuijaribu, anasimama pale ulipo, anawaambia, ninyi, hapo msiingie. Watu wa viatu walikuwa wanakuja kumtazama yeye badala ya filamu." Kisha akawa mpole kidogo. "Kitu kimoja kilimsumbua na hii. Aliniuliza, huyu mfu anawajuaje hawa watu? Si watoto wake, si ukoo wake. Laana yake inapitia njia gani kuwafikia? Nikamwambia Mzee, hii ni sinema. Akasema, hata sinema lazima ijibu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikifikiria swali hilo la baba. Lilikuwa swali zuri. Kwetu laana ina njia, na njia yake ni damu. Mzazi anamlaani mtoto kwa sababu alimzaa. Mgeni akikutukana barabarani, ni kelele tu. Sasa mfu wa Misri, aliyekufa kabla hata babu wa babu zetu hawajafika mlima huu, anawezaje kumuua mzungu aliyetoka ng'ambo kwa ndege? Na jambo jingine lilinishangaza. Nyanya alikuwa akituambia kwamba zamani watu wetu wengi hawakuzikwa kabisa. Mgonjwa wa kufa alipelekwa msituni, fisi akamaliza, na aliyemgusa maiti alitakaswa kabla ya kurudi kula na wengine. Sisi tuliwakimbia maiti. Wao waliwafunga vitambaa, wakawapaka dawa, wakawajengea nyumba. Hata paka walimfunga vitambaa hivyo. Ni nani kati yetu aliyewapenda zaidi wafu wake? Sijui. Nilikumbuka jinsi tulivyomweka baba mochari siku nane, akichomwa dawa asiharibike, tukisubiri kamati imalize mipango. Siku hizi na sisi tuna Misri yetu, ya siku nane.

Nilipofika nilimwambia kaka yote. Alinisikiliza akiendelea kufunga miraa. Alipomaliza kibunda akasema, "Kwa hiyo unasema maneno ya mwisho ya baba yangu aliyasema kwa filamu."

"Sijasema. Nasema tuitazame."

"Mimi sitazami mashetani mchana."

"Basi usitazame. Mama na mimi tutatazama."

"Mama haoni."

"Nasikia," mama alisema kutoka kwenye maharagwe yake.

Siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana niliwasha televisheni. Nilimkalisha mama kwenye kochi, mimi nikakaa kwenye kiti kidogo. Kiti cha baba tulikiacha. Kaka alisema hatakuwepo, lakini alileta kazi yake barazani, mahali palepale alipokuwa siku ile, na mlango akauacha wazi.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mtunza ghala wa mfalme, huko Misri ya kale. Njaa ilipokuja alifunga ghala la nafaka, watu wakafa, na kama adhabu akafungiwa kaburini akiwa hai, pamoja na kisanduku cha jiwe jeusi. Ndani ya kisanduku waliweka kivuli chake. Sasa wanakuja watu wa kuchimba, wanaume watatu na mwanamke mmoja, na anayekifungua kisanduku hicho, kivuli chake mwenyewe kinamwacha. Anatembea juani bila kivuli, na siku ya tatu jua likizama anakufa. Juu ya yote hayo ilikuwa sauti ya dijei, aliyeifasiri kwa Kiswahili kwa kasi kama mnadani.

"Sasa mtazamaji, huyu jamaa anajipeleka mwenyewe! Mzee wa bandeji amelala miaka elfu na elfu, hana deni na mtu, wewe unaenda kumgongea mlango!"

Mama alikuwa ananiuliza kila mara. "Wamefika wapi?"

"Wanashuka ngazi."

"Wana taa?"

"Wana tochi."

"Huyo aliyeanguka ni nani?"

"Mbeba mizigo. Amekufa kwa mshale uliotoka ukutani."

"Maskini. Ndiye hakuwa anatafuta kitu."

Niliogopa kwa kweli. Kulikuwa na mahali mwanamke anaangalia chini kwenye mchanga mweupe, jua liko nyuma yake, na mbele yake hakuna kitu, mchanga mtupu. Hakukuwa na damu wala meno, lakini niliangalia sakafuni kwetu kuona kama kivuli changu kipo. Kilikuwepo, kwenye mwanga wa mlangoni. Karibu nacho kilikuwepo cha kaka. Alikuwa amesimama mlangoni, kibunda mkononi, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Kisha wakafika kwenye kisanduku. Utauliza vipi yule mwanamke alikuwa ameshapoteza kivuli kabla. Filamu ilikuwa na namna ya kurudi nyuma, na jinsi kilivyofunguliwa mara ya kwanza ilionyeshwa karibu na mwisho. Wale wanne wamekizunguka. Mmoja anaweka chuma kwenye ufa. Jiwe likasaga juu ya jiwe, sauti ndefu mbaya kama ya jino kwa daktari, na hapo mwanamke akapiga ukelele.

Mama akaweka mkono wake gotini pangu.

"Hapa," alisema.

"Hapa nini?"

"Hapa ndipo aliposema. Lile jiwe lilisaga hivyo, nikafikiri kaka yako anaburuta jiwe la kunolea panga. Kisha mwanamke akalia. Kisha baba yako akasema."

Nilisimamisha filamu. Watu wale wanne wakabaki wameduwaa, mikono kwenye kifuniko.

Kaka alisema kutoka mlangoni, "Mama, mwaka mzima! Mwaka mzima nimekuwa sili, silali, na wewe ulijua?"

"Nilijua nini? Mliniuliza alisema nini, nikasema alichosema. Hamkuniuliza nini kilikuwa kinalia. Na nyumba hii kila siku ilikuwa inalia. Nani anaweza kukumbuka kelele mpaka aisikie tena?"

Kaka aliingia. Aliweka kibunda juu ya meza, akaangalia wale watu kwenye kioo. "Rudisha nyuma," alisema. Nilirudisha. Jiwe likasaga, mwanamke akalia. Baada ya ukelele kulikuwa na kimya kifupi, dijei naye amenyamaza kidogo, na katika kimya hicho mtu angeweza kusema maneno yote yale ya baba, hata kwa polepole. Kaka aliyasema, chini kwa chini. Msifungue. Nimewaambia, hilo sanduku msilifungue. Atakayefungua asiseme hakuambiwa. Alipomaliza tu, kifuniko kikaanguka.

Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi, na akaketi kwenye kiti cha baba bila kujua. Mama naye akacheka kwa kusikia kicheko. Mimi ndiye niliyelia, ingawa kwenye mazishi sikulia mbele ya watu, na wako walioniuliza sababu. Nililia kwa sababu baba yangu alikufa akijaribu kuwaokoa watu wanne asiowajua, na tena aliowaona wakifa mara mbili.

Lakini furaha hiyo haikufika mpaka kwenye kufuli. Koti la baba lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, ufunguo ukiwa mfukoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilimletea kaka. Hakuupokea.

"Na kama aliwaambia wao na sisi pia?" aliuliza. "Mtu anaweza kuona sanduku pale, akakumbuka lake chini ya kitanda. Unaweza kujua kilichokuwa kichwani mwake?"

Sikuweza kujua. Mpaka leo siwezi, na sitaki kukudanganya kwamba naweza. Mtu akisema neno akafa, neno linabaki na sisi tuliobaki, na kila mmoja analishika anavyojua.

"Fungua wewe," kaka akasema. Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anatania kabisa. "Wewe umeolewa, mahari ilishalipwa, wewe ni mtu wa Embu. Kirumi cha Kianjai kitakutafutia wapi huko kwenye majani chai?"

Alisema kunipa nguvu. Najua hivyo. Lakini neno lile liliniingia mahali. Nilisimama na ule ufunguo, na nikaona kwamba ni kweli, kila mtu katika nyumba ile alikuwa ameogopa laana ya baba kwa mwaka mzima, lakini hakuna aliyeniogopea mimi. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia nijihadhari. Walikuwa wameshaamua hainihusu. Lile swali alilomuuliza mwenye ndevu, laana inapitia njia gani kumfikia mtu asiye wako, lilinirudia, na safari hii jibu lake lilikuwa mimi. Ikiwa naweza kufungua bila hofu, basi mimi si damu yake, ni mgeni kama wale wa kwenye filamu.

"Nitafungua," nilisema. "Lakini si kwa sababu mimi ni wa Embu. Kama kuna kitu humo ndani, kinipate na mimi. Mimi ni mtoto wake."

Mama akasema, "Mwari wangu, fungua, maharagwe yataungua."

Niliingia chumbani, wao nyuma yangu, nikapiga magoti na kulivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Niliogopa, na kufuli lilikuwa na kutu na ufunguo ulizunguka mara mbili bila kushika. Mara ya tatu lilifunguka. Kifuniko kilitoa mlio, kaka akarudi nyuma hatua moja, na mimi pia ningerudi kama singekuwa nimepiga magoti.

Kulikuwa na harufu ya dawa ya nondo na tumbaku ya zamani. Juu kabisa palikuwa na hati ya shamba katika mfuko wa plastiki. Chini yake, karatasi za chanjo za ng'ombe, nyingine za ng'ombe waliokufa zamani. Kitambulisho cha mama kilikuwa kimefungwa kwa mpira pamoja na cha baba, uso kwa uso. Kisha bahasha kuukuu, na ndani yake kadi za kliniki za watoto, zile ambazo mtoto anapimiwa uzito. Zilikuwa tano, za sisi wanne, wawili wakiwa wanaishi mbali, na ya ndugu yetu mmoja aliyefariki mdogo. Yangu ilikuwa ya tatu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na mtu alikuwa ameishona kwa uzi mweusi pale ilipokuwa inataka kukatika. Mama alisema yeye hakuishona. Nyingine hazikuwa zimeshonwa, lakini sisemi kwamba hilo lina maana. Labda yangu tu ndiyo iliyopasuka.

Nilimpa mama kitambulisho. Alikishika karibu na pua, kisha akakitia ndani ya blauzi.

Mama alipasuliwa jicho moja mwezi uliofuata, na la pili baadaye. Kaka bado hajaingiza mkono kwenye sanduku lile. Karatasi akizihitaji ananipigia simu, na nikienda ndipo namtolea. Wiki mbili baada ya kufungua, ng'ombe wake mmoja alikufa kwa kuvimba tumbo, alikuwa amevunja boma akala majani mabichi yenye umande. Kaka alinieleza habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesubiri niseme kitu. Nilimwambia arekebishe boma.

Mara ya mwisho niliyoitazama filamu ile ilikuwa siku mama alipotolewa bandeji ya jicho la kwanza. Alitaka mwenyewe. Tuliketi sote watatu, kaka akiwa kwenye kiti cha baba, na safari hii sikuhitaji kueleza kitu. Mama aliangalia ngazi, tochi, mchanga mweupe usio na kivuli. Walipofika kwenye kisanduku cha jiwe alisogea mbele, akakaza jicho lake jipya.

"Hilo ndilo sanduku?" alisema. "Mbona ni dogo hivyo?"

Jiwe likaanza kusaga. Kaka akafungua mdomo, akaufunga. Nikajisikia nikiwaambia wale watu, kwa Kimeru, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua, wasifungue.